Marahaba ya Tatu

Shoga yangu Shadya, wa Morogoro mjini, anaishi na wenzake ndani ya mwili mmoja: Hamza mwenye hasira, na Mwaisha, mtoto wa kicheko chembamba. Ndugu walimwita mgonjwa. Bibi yake tu, kule Kinole milimani, shikamoo moja ya Shadya aliiitikia mara tatu, kila mmoja wao na marahaba yake.

Bibi alipozikwa, Mwaisha akanyamaza kabisa.

Juzi Shadya alipanda mlimani kuchukua ungo wa marehemu. Ukungu ulikuwa umefunika migomba, ndani ya nyumba giza tupu. Mlangoni, kwa mazoea, akasema, "Shikamoo, bibi."

"Marahaba," ikaitikia sauti kutoka chumbani. "Marahaba."

Akasubiri ya tatu. Badala yake, kule gizani kikasikika kile kicheko chembamba, ambacho siku zote kilitokea kooni mwa Shadya mwenyewe.