A-Ting Aliyedhaniwa Amepandisha

Zamani, treni ya miwa ilipopita nyuma ya nyumba zetu, sisi vijana tuliikimbilia tukachomoa miwa. Ong Thian-ting, tuliyemwita A-Ting, alikuwa na mbio kuliko sote. Siku za sikukuu alikuwa kiti cha Mwanamfalme wa Tatu, yule mungu mtoto wa hekalu letu. Ngoma ikilia, mungu humwingia, A-Ting hupandisha: mikono inarushwa, kichwa kinatikisika, nasi tunapiga magoti. Siku tamu kama zile sijaziona tena.

Reli iling'olewa. Kiwanda kikafungwa, wenye nacho wakahamia mjini. A-Ting akapata kisukari, mwisho figo zikafa. Kila Jumanne, Alhamisi na Jumamosi alikwenda hospitali kusafishwa damu kwa mashine.

Mwaka ule, wiki ya sikukuu, alikosa mara mbili. Alikuwa akipamba machela ya mungu, ile ya kubebea sanamu yake mabegani. Jumatatu asubuhi mkono wake wa kulia ukaanza kurukaruka. Ukafuata wa kushoto, kisha miguu.

"Amepandisha," alisema Mzee Tenn, mwenyekiti wa hekalu. "Miaka thelathini hakumpanda, leo Mwanamfalme amerudi."

Siok-hun, mke wa A-Ting, alisita. "Mzee, huyu hajaenda kwenye mashine tangu Jumanne."

"Shemeji, utampeleka mungu hospitali?"

Watu walicheka. Hata mimi nilicheka. Hasira yangu ya kwanza ni juu yangu mwenyewe: tulimvika mgonjwa aproni nyekundu ya mungu, tukampigia ngoma.

Saa nne pikipiki ilisimama uani. Alikuwa Kho Bi-ling, muuguzi wetu, mmoja kwa vijiji vinne. Hospitali ilikuwa imempigia simu: mgonjwa wao haonekani.

"Mjomba, nitolee ulimi," alisema.

Ulimi ulitoka, ukarudi ndani kama mjusi.

"Nibane vidole, usiachie."

A-Ting alibana, akalegea, akabana tena. Bi-ling akamtoboa kidole, akapima sukari. Ilizidi mia nne, karibu mara nne ya kawaida.

"Binti, usimchokoze mungu," alisema Mzee Tenn.

"Mungu wenu simjui tabia, Mzee. Namuuliza mwenye mwili. Mjomba, ukipandisha unajisikiaje?"

A-Ting alijibu kwa ulimi mzito. "Huwa... sijui kitu. Naambiwa baadaye. Sasa najua kila kitu. Mikono tu... hainisikii."

Tangu asubuhi hakuna aliyemuuliza.

"Figo zikifa, uchafu na asidi hubaki kwenye damu," alisema Bi-ling. "Sukari nayo ikivurugika, sehemu ya ndani ya ubongo inayoongoza viungo huumia. Mmoja viungo vyake hujirusha. Mwingine hukakamaa, anatembea kwa shida, anaongea kwa shida. Hata sukari ikishuka sana inaweza kuleta haya. Pimeni sukari, kimbilieni hospitali. Bebeni dawa zote anazotumia, na za mitishamba. Zipo dawa za kichefuchefu zinazorusha viungo vivyo hivyo."

"Kesho ni maandamano," alisema Mzee Tenn. "Aende keshokutwa."

Siok-hun aliifungua ile aproni, akampa. "Kamvike mwanao, Mzee."

Siku ileile hospitalini walimsafisha damu na kuishusha sukari polepole. Mikono iliruka siku kadhaa zaidi. Baada ya wiki tatu ilitulia, ila mguu wa kushoto ulibaki mzito kidogo. Daktari alituambia si wote wanaopona, na anayechelewa hujitia hatarini zaidi. Nikajiuliza kwa nini hatukuambiwa mapema. Tangu hapo nimelisema hili kila mlango, hata kwa wanaonifukuza.

Mwaka uliofuata maandamano yaliangukia Alhamisi. Gari la hospitali lilikutana na machela ya mungu kwenye njia nyembamba ya hekalu. A-Ting alikuwa ameketi mbele, kando ya dereva.

"Huji nasi?" aliuliza Mzee Tenn.

"Leo nina zamu ya mashine."

Machela ile haikuwa imewahi kumpisha mtu, hata waziri. Mzee Tenn aliinua mkono, ngoma zikanyamaza. Wabebaji wakasogea ukutani, na gari likapita.