Picha Iliyoondolewa Ukutani

Munir alikutwa amelala chali kati ya magari mawili madogo, moja jekundu na moja la rangi ya maziwa. Tai yake ilikuwa imekaa sawasawa, kama ya mtu anayemngoja mteja. Damu ya kisogoni ilikuwa imegandia ukingo wa jukwaa la chuma lililobeba gari jekundu. Ilikuwa Jumamosi, saa mbili asubuhi, na taa zote za duka zilikuwa bado zinawaka.

"Nani aliyemwona kwanza?" aliuliza Inspekta Arwa.

"Mimi, madam." Shakira, mwanamke wa Kiganda aliyesafisha duka, alikuwa amekaa chini mlangoni na ndoo yake. "Mlango ulikuwa wazi. Nikamwita. Bwana Munir hajawahi kukosa kuitika."

"Umegusa chochote?"

"Hapana. Hata kioo sijafuta."

Arwa alizaliwa Dubai, lakini bibi yake alitoka Unguja na Kiswahili hakikutoka nyumbani kwao. Kituoni walijua. Kila palipokuwa na maiti au shahidi wa Afrika Mashariki, simu iliita mezani kwake. Yeye mwenyewe alisema ni kazi ya kupokea habari mbaya kwa lugha aliyoimbiwa akiwa mtoto.

Daktari wa polisi alisema kifo kilitokea jana, baada ya Magharibi. Fuvu lilikuwa limepasuka. Shati lilikunjamana kifuani na kifungo kimoja kilikuwa kimeng'oka.

"Alishikwa shati akasukumwa," alisema daktari. "Mara moja tu. Ukingo wa chuma ukamaliza."

Pochi ilikuwamo mfukoni. Sefu haikuguswa. Si mwizi, basi.

Arwa akatazama ukuta. Ulijaa picha za wateja, kila mmoja amesimama mbele ya gari lake jipya na ufunguo mkubwa wa kadibodi mikononi. Katikati, sehemu inayotazama barabara, palikuwa na nafasi tupu yenye ukubwa wa mlango. Rangi ya ukuta hapo ilikuwa mbichi kuliko kwingine.

"Hapa palikuwa na nini?"

Alijibu Raed, meneja, aliyekuwa ndiyo kwanza anafika, jasho linamtoka. Alikuwa na mengi ya kueleza. Kampuni huko Ulaya iliamua kuyaingiza magari yake madogo katika soko la Asia, na Asia kwao ilianzia Dubai. Walikosea mlango. Dubai mtu akikosa gari kubwa huazima, ilimradi asionekane kwenye dogo. Mwaka wa kwanza waliuza magari tisa. Ndipo Munir, mtu wa Mombasa, akaanza kuwafuata wale ambao wauzaji wengine hawakuwainulia hata macho: manesi, wapishi, walimu wa chekechea. Kila aliyenunua alipigwa picha na kutundikwa.

"Hiyo iliyokuwa katikati ni ya nesi wa Kenya, Roselyne," alisema Raed. "Alicheka vizuri mno, tukaikuza. Watu waliingia dukani kwa sababu yake. Jana nilipotoka Alasiri niliona haipo. Nikajua Munir anaisafisha."

Kamera ilionyesha mwanamume mwenye sare ya ulinzi akiingia saa kumi na mbili na nusu. Kofia ilimfunika uso. Dubai ina walinzi wengi kuliko milango.

"Namjua huyo," Shakira alisema kwa woga. "Simjui jina. Kila Ijumaa anasimama pale nje, anaweka mikono na paji la uso kwenye kioo. Kila Jumamosi mimi nafuta alama zake. Bwana Munir alimdhania mpenda magari asiye na uwezo. Mara mbili alimpelekea karatasi ya bei."

Alama zilikuwapo bado, viganja viwili vya mikono na doa la paji la uso katikati yake. Koplo Zayd akazichukua, akazipeleka maabara.

Katika droo ya Munir, Arwa alikuta ile picha. Ilikuwa imekunjwa kwa uangalifu, imefungwa kwa karatasi safi, na juu yake pameandikwa kwa kalamu: *Apewe mume wa marehemu Roselyne, kwa mkono wake.*

Marehemu.

Simu ya Munir ilionyesha kwamba Alhamisi alipiga zahanati moja ya mtaa wa Mirdif. Arwa akaenda. Nesi mmoja, Dorah, alimpokea na macho mekundu, ingawa habari ya Munir alikuwa hajaipata.

"Alipiga kumkumbusha Rose sevisi ya gari," alisema Dorah. "Nikamwambia, kaka, Rose alifariki miezi miwili iliyopita. Lori lilimgonga akienda kwa mgonjwa. Halafu akaniuliza kama ana mume."

"Ukamwambia nini?"

"Kwamba yuko, anaitwa Jairus, ni mlinzi, anakaa kwenye kambi za wafanyakazi za Muhaisnah. Namba sikuwa nayo. Aliniomba nimtafutie. Nilikuwa nimpigie leo."

Adhuhuri majibu ya alama za vidole yakarudi na jina lilelile.

Ndani ya gari Arwa aliamini kwamba ameshaielewa kesi. Kwao picha ya marehemu haikai ukutani. Siku babu yake alipofariki, bibi alizishusha picha zote kabla maji ya kumwoshea hayajapata moto. Huyu mume, alijisemea, alichoka kumwona mkewe akiuza magari hata akiwa kaburini. Alikuja kudai ishushwe, wakagombana. Lakini kama ilikwisha kushushwa, waligombania nini? Hapo ndipo hesabu yake ilipokataa.

Walimkuta Jairus kwenye lindo lake, mlango wa hoteli moja ya mtaa wa Al Rigga, amesimama wima. Alimfungulia mlango mgeni mmoja, kisha akawageukia.

"Nimewangoja tangu asubuhi," alisema. "Niruhusuni tu nikabidhi redio."

Katika chumba cha mahojiano hakutaka wakili. Arwa alimsomea haki zake, akawasha kinasa sauti.

"Ulikwenda dukani jana?"

"Ndiyo, madam."

"Ulimsukuma Munir?"

"Ndiyo."

"Kwa sababu walimtundika mkeo."

Jairus aliinua kichwa. "Hapana. Kwa sababu walimtoa."

Arwa akaweka kalamu chini. "Hebu nieleze."

"Madam, mimi nakaa Muhaisnah, chumba kimoja watu wanane. Rose alikaa na manesi wenzake. Kwake wanaume hawaruhusiwi, kwangu wanawake hawaruhusiwi. Miaka mitano ya ndoa hatukuwa na mlango wa kufunga. Ndio akanunua ile gari ndogo. Watu walimcheka, hata mimi nilimwambia ni kama mkebe. Akasema, Jairus, ina milango minne, na yote inafunga."

Alivuta kiti karibu na meza.

"Kila Ijumaa alikuwa ananipitia. Tunaegesha mahali, anawasha baridi, tunakula ugali. Aliweka pazia kwa dirisha. Tulikuwa tunavua viatu kabla ya kuingia. Hiyo ilikuwa nyumba yetu, madam. Hatukuwa na nyingine."

"Siku ya kupigwa picha ulikuwapo?"

"Nilikuwa zamu."

"Na maziko?"

"Arbab, bosi wangu, alisema hakuna wa kunishikia lindo. Alizikwa kwetu Vihiga. Niliona kwa simu, kisha mtandao ukapotea jeneza likiwa bado mlangoni. Sijaona kaburi mpaka leo." Sauti yake ilikuwa kavu. "Kwetu mtu akifa, picha yake inatangulia mbele ya jeneza. Inawekwa mezani, watu wanakuja wanamwangalia, wanamwambia kwaheri. Mimi sikupata hiyo. Halafu nikapita pale dukani nikamkuta, mkubwa, na taa, amesimama mbele ya nyumba yetu anacheka. Barabara yote inamwona. Niliwashukuru sana hao watu. Nikawa nakuja kila Ijumaa, saa ileile alikuwa ananipitia."

"Jana ukaona nini?"

"Ukuta."

Arwa akamwashiria aendelee.

"Nikaingia. Nikamuuliza picha iko wapi. Akasema huyo dada amefariki, haifai kukaa hapo tena. Aliongea polepole, hivi, kama anaeleza bei. Nikaona wamesikia amekufa, wanaogopa atawafukuzia wateja, wamemtupa. Nikamwambia rudisha. Akanishika bega, akasema khalas, basi, ndugu yangu, amekufa. Nikamshika shati." Aliitazama mikono yake. "Sikutaka kumuua. Nilitaka tu anyamaze."

"Hukumwambia kwamba wewe ndiye mumewe?"

Jairus aliinua macho kutoka kwenye mikono yake.

"Nilidhani anajua," alisema. "Nani mwingine angesimama pale?"

Arwa alifungua bahasha ya vielelezo, akausogeza mbele yake ule mzigo uliofungwa kwa karatasi. Jairus aliyasoma maandishi midomo ikicheza, akayasoma tena.

"Mume wa marehemu," alisema. "Ni mimi huyo."

"Ni wewe. Alikuwa akikutafuta tangu Alhamisi. Kwetu sisi, marehemu husitiriwa. Hakumtupa mkeo, Jairus. Alimsitiri, ili akukabidhi."

Yule mtu mzima alilaza kichwa juu ya meza akalia kwa sauti, na Inspekta Arwa, ambaye kwa miaka kumi na minane hakuwahi kumlilia mtuhumiwa, alizima kinasa sauti akafuta machozi kwa ncha ya shela yake. Baadaye Jairus alitia saini maelezo yake. Picha hakuomba kufunguliwa. Alisema hana macho ya kumtazamia Rose.

Ilibaki simu moja. Mke wa Munir, Ummi, alikuwa Kisauni, Mombasa. Jamaa zake wanaokaa Deira, palepale Dubai, walikuwa wameshampa habari ya msiba, na Arwa alimwahidi Raed kwamba jina la muuaji atalitaja yeye mwenyewe, kwa Kiswahili.

"Dada Ummi, ni Inspekta Arwa, polisi wa Dubai. Pole sana, mwenzangu."

"Nishapoa, mama. Kazi ya Mungu." Nyuma yake sauti za wanawake zilikuwa zinasoma Yasini. "Kabla hujaniambia, nikuulize. Munir aliniambia kuna mwanamke aliyenunua gari kwake, amefariki, na mumewe hajulikani aliko. Usiku ule hakulala. Alisema atamtafuta mpaka ampate, ampe mkono wa pole na picha ya mkewe. Je, alimpata?"

Arwa alifumba macho.

"Alimpata, dada Ummi."

"Alhamdulillahi," alisema Ummi, na sauti yake ikalegea kidogo kwa faraja. "Maana lilimkera sana. Haya, mama, sasa niambie. Ni nani aliyeniulia mume wangu?"