Kumi na Saba Alikuwa na Jina

Adhuhuri, siku ya tano tangu mtoto azaliwe, Kivuva alimwinamia bintiye na kusikia harufu ya maranda.

"Nzembi, mtoto umemwogeshea wapi?"

"Hapa tu kwa beseni," mkewe akajibu. "Kwani?"

"Ananuka maranda."

"Si ni nguo zako za kazi?"

Nguo za kazi zilibaki daima maabarani Kitisuru, na yeye alikuwa likizoni.

Huko Kivuva alitunza panya ndani ya keji, vizimba vya wavu vilivyotandikwa maranda. Watafiti waliwadunga panya wachanga udongo mweupe nyuma ya shingo, maji yakakosa njia ya kutoka kichwani, kichwa kikafura. Walikuwa wakitafutia tiba watoto wenye maradhi hayo. Sheria aliambiwa siku ya kwanza: panya hupewa nambari, hapewi jina. Lakini Kumi na Saba alikata pumzi mara tatu, na mara tatu akazinduka. Kivuva akacheka, akamwita Kasyoki, yaani anayerudi, kwa Kikamba. Mzaha mzaha hutumbuka usaha. Kila akiitwa, panya alijikokota hadi kwenye wavu, macho yakitazama chini. Asubuhi ratiba ilipotaka auawe, Kivuva alimuua kwa mkono wake, kisha akajifungia chooni akalia. Jioni hiyo Nzembi akajifungua.

Jana mamake Kivuva alifika Riruta kutoka Makueni, akampakata mjukuu na kumpa jina la dada yake marehemu. Kasyoki. Kivuva akaificha habari ya panya. Angeanzia wapi?

Sasa aliogopa. Macho ya mtoto yalitazama chini, na chini ya godoro kitu kilikwaruza, akainua godoro asione kitu, mkwaruzo ukahamia kwenye mto, akautupa mto sakafuni, na alipoweka sikio karibu na utosi wa mwanawe, ule utosi laini unaopiga kama moyo, akausikia humo ndani, polepole, kama kucha kwenye wavu.

Akamwambia mamake yote.

"Ulipea panya jina ya watu?" mama alinong'ona. "Huyu kutoka leo ni Nzula. Wewe enda uoshe hiyo keji, na ufunge mdomo. Hiyo jina usiitaje tena. Huyo akiitwa anarudi."

Kivuva alienda maabarani, akaisugua keji kwa maji moto na dawa. Ujumbe wa Nzembi ukaingia: mtoto amenyonya vizuri, hanuki kitu. Akamshukuru Mungu. Lakini alipoiona keji tupu, ndogo hivyo, huruma ikamshinda.

"Nisamehe, Kasyoki."

Simu ikalia.

"Baba Nzula," Nzembi alisema kwa sauti ya chini, "uko hapo nje?"

"Niko kazini. Kuna nini?"

"Kuna mtu ameita mtoto na ile jina ya kwanza, akaamka. Sasa najaribu kumwinua anyonye, lakini kichwa imekuwa nzito. Nimeshindwa kuiinua."