Mnunuzi wa Macho

Siku Komora alipoingia bucha la baba yake Nuriya kwa mara ya kwanza, soko la Garsen lilikuwa limefurika hadi barabarani. Shati lake jeupe lilikuwa limenyooshwa vizuri, vumbi la chaki kwenye kiwiko. Wateja wengine waliagiza nyama ya mchuzi. Yeye akaomba macho ya ng'ombe.

"Macho?" Nuriya akauliza, akikaza leso aliyojifunga juu ya buibui.

"Mawili, dada. Nafundisha sayansi, wanafunzi watayapasua. Maduka ya vifaa yako mbali, tena hayana muuzaji kama wewe."

Nuriya akacheka, akamfungia. Tangu hapo kila Jumanne Komora alikuja kwa macho yake mawili, na jioni alipiga simu. "Mpenzi, umeshindaje?" Haukupita muda, Nuriya akawa hali chakula vizuri, simu ikichelewa kuita anaikodolea tu.

Swaleha, muuza chai wa jirani, ndiye aliyemtia wasiwasi. "Macho kila wiki, maini hayataki? Huyo anakutengenezea dawa ya mapenzi, shoga yangu. Hebu jiangalie ulivyo!"

Nuriya akajiangalia, akaogopa. Kweli hajawahi kupenda hivi. Na kama mapenzi haya ni ya kutiliwa dawa, basi si yake. Akaacha kupokea simu.

Jumanne ilipofika, Komora akaja. "Nuriya, nimekukosea nini?"

"Chukua macho yako uende."

Komora akayachukua, akaondoka mnyonge. Nuriya akafungua leso, akamfuata kwa mbali mpaka shuleni, akachungulia dirishani. Wanafunzi walikuwa wamelizunguka jicho lililopasuliwa. Mmoja aliweka lenzi ya jicho hilo juu ya gazeti, herufi zikawa kubwa. Nuriya akapumua, akaona haya.

"Somo hili mnalifanya kila Jumanne?" akamuuliza msichana aliyekaa karibu na dirisha.

"Hapana, dada. Leo ndiyo mara ya kwanza."

Shaka ikamrudia. Komora alipotoka nje, Nuriya alimkabili pale pale mlangoni. "Yale mengine ulimpelekea mganga gani?"

"Mganga? Nilimpa paka wa shule." Komora akainamisha kichwa. "Somo ni la siku moja tu, Nuriya. Nilitaka sababu ya kuja."

"Hukunitilia dawa?"

"Dawa gani?"

Nuriya akaelewa. Basi mapenzi yote yale yalikuwa yake mwenyewe. Hilo nalo likamtisha, lakini likampendeza.

"Macho sikuuzii tena," akasema. "Ukija Jumanne, njoo na wazee wako wazungumze na baba."

"Wallahi nitakuja!"

"Ngoja. Nionyeshe huyo paka kwanza."