Tofali Lililoyeyuka Ndani ya Gilasi

Ekitela wa Gotu ni mfugaji, na mfugaji hupima kila kitu kwa mbuzi. Mbuzi wake walikunywa maji ya chumvi ya kisima wakanenepa. Basi alipoanza kumjengea mama yake nyumba, alikanda udongo wa matofali kwa maji hayo hayo.

"Ikipea mbuzi nguvu, itapea ukuta nguvu," alimwambia mkewe, Everlyne.

Matofali yalikauka, yakawa magumu kama mawe. Ekitela akajenga, akajisifu kijiji kizima. Kisha mvua ikanyesha nusu saa tu, na ukuta mmoja ukaporomoka, ukawa uji. Bahati nzuri mama alikuwa hajahamia.

Everlyne alimwita jirani yao Fahmo, ambaye kazi yake ni kupima udongo wa kujengea barabara.

"Dada, hii udongo imerogwa ama?" Ekitela aliuliza.

Fahmo alicheka. Alichota udongo kwenye shimo lao la matofali, akaukanda kwa maji ya mto, akauanika. Siku ya nne alirudi.

"Leteni gilasi mbili za maji ya mvua."

Katika moja alitia kipande cha tofali la Ekitela. Katika nyingine alitia kipande cha udongo wake.

"Msitikise. Angalieni tu."

Kipande cha tofali kilianza kutoa kitu kama moshi. Moshi ukatambaa, ukapanda, na maji yote yakawa meupe kama maziwa. Katika gilasi ya pili maji yalibaki safi, na kipande kikatulia chini. Ekitela alishika kichwa.

"Ajabu! Si ni udongo wa shimo moja?"

"Shimo moja, maji tofauti," Fahmo alisema. "Udongo ni chembe ndogo sana zilizoshikana. Chumvi ya kisima hiki inazilegeza. Tofali likikauka linakudanganya kwa ugumu. Mvua ikifika, chembe zinaachana."

"Na mbuzi?"

"Mbuzi anahitaji chumvi, ndugu yangu. Ukuta hauhitaji."

Ekitela alibomoa kuta zote. Kwa wiki tatu punda walibeba maji kutoka mtoni, naye alinung'unika njia nzima. Lakini kila matofali yalipokauka, alijaribu kipande kwenye gilasi kwanza. Msingi aliujenga kwa mawe.

Mama alihamia. Mchana mmoja mvua kubwa ikashuka. Ekitela aliacha mbuzi malishoni, akakimbia roho mkononi. Alipofika, aliweka kiganja ukutani. Ulikuwa umelowa juu juu tu. Ukuta ulisimama imara, naye akasimama hapo akiushangaa, maji yakimchuruzika usoni.

Mama alichungulia mlangoni.

"Unafanya nini kwa mvua? Ingia, mwanangu. Huku kwangu ni kukavu."