Gobore Lililostaafu

Karatasi ilivutwa ndani.

Leticia alikuwa ameiegesha mbele ya mdomo wa mtutu, kama afanyavyo kwa kila gobore lisilowaka: unaweka fataki kwenye chuchu, kile kijibomba kinachopeleka moto ndani, bila baruti, unafyatua, na tundu likiwa safi upepo wake huipeperusha karatasi. Fataki ililia. Karatasi ikainama kuelekea mtutuni, ikamezwa.

"Leti, hiyo ni bunduki au shisha?" Kasmir, muuza vipuri wa jirani, alichungulia mlangoni, akacheka, akaenda zake.

Bakili, mwenye gobore, hakucheka. Simu ilikuwa sikioni. "Dada fundi, acha kwanza. Mjomba anasema mama kabanwa kifua tena."

Tangu baba yake afariki, alieleza kwa sauti ya chini, kila walipojaribu kulipiga kule Liwale wafukuze nguruwe shambani, fataki ililia, risasi haikutoka, na mama yake akakosa pumzi. Ndiyo maana alimwaga baruti na risasi, akalileta hapa Gerezani, mtaa wa mafundi.

"Mdeki wake uko wapi?" Leticia aliuliza. Bila ufito ule wa kushindilia baruti, hakuna aliyeweza kupima kama mtutu una kitu.

"Baba aliuvunja mwenyewe. Alisema gobore limestaafu. Tukadhani utani." Bakili akaiweka simu mezani, spika ikiwa wazi. "Mwaka huohuo mama aliugua kifua, akapona ghafla."

Leticia akaingiza nondo nyembamba. Ikagota kabla ya mwisho. Akafunga parafujo nchani, akazungusha, akavuta taratibu. Ukaja uzi, kisha pembe ya kitambaa cheupe chenye maandishi ya zafarani, kama ya hirizi.

"Mwandiko wa baba," Bakili alinong'ona.

Hapo nyundo za mafundi bati nje zikanyamaza, na mngurumo wa mabasi ya mwendokasi barabarani ukakatika, na harufu ya udi uliolowa maji ikajaa karakana hadi mate yakawa machungu mdomoni, na kutoka ndani ya mtutu ikaja sauti ya kuvuta pumzi, ndefu, isiyofika mwisho, ikilivuta shati la Leticia kuelekea lile tundu jeusi.

"Malizia kuvuta," sauti ilisema. "Nitoe, nitamwacha yule bibi. Ukikataa, nachukua pumzi yako."

Bakili alimshika mkono. "Mtoe, dada! Mama anakufa!"

"Baba yako alimtoa huyu kifuani mwa mama, akamfungia humu. Kila fataki mliyopiga ilimgongea mlango, akamvuta mama pumzi kupitia tundu la chuchu. Nikimfungulia, unadhani atarudi wapi?" Leticia akakigeukia kile kilichomo ndani. "Pumzi yangu ina miaka ya moshi wa kuchomelea. Chukua, ukohoe mwenyewe."

Kifua kikambana. Macho yakaingia giza, lakini mikono ilijua kazi yake: akakisukuma kitambaa kwa nondo hadi kikagota, akaifungua chuchu, na mahali pake akakaza bolti isiyo na tundu, akakaza, akakaza tena, mpaka spana ikamponyoka.

Nje nyundo zikaanza kulia tena.

Simu ilikuwa bado mezani, haijakatwa, na sasa aliongea mama. "Bakili? Nimeketi, mwanangu. Nataka uji."

"Shikamoo, mama!" Bakili alikuwa analia.

"Marahaba. Ila nani huyo anayekohoa hapo? Hebu mpeni maji."

Leticia na Bakili walitazamana, midomo imefumbwa. Kisha wakaligeukia gobore.

"Hakuna maji, mama," Leticia alisema. "Acha akohoe."