Vidonge Sita Mkebeni

Kila asubuhi, mama yao akishaondoka kwenda kuuza mboga sokoni Kangemi, Ivyne ndiye aliyempeleka mdogo wake Nakhumicha shuleni. Kilima cha kutoka bondeni walizoea kukipanda mbio. Lakini wiki hiyo Nakhumicha, mtoto wa miaka saba, aliketi njiani mara tatu akihema.

"Mvivu wewe!" Ivyne alimkemea. "Unatuchelewesha."

"Miguu imekataa, Ivyne. Na moyo unapiga sana."

Ivyne akacheka. Hakujua kwamba kicheko hicho kingemtokea puani.

Wiki tatu kabla ya hapo, waliporudi kutoka kwa nyanya yao Bungoma, Nakhumicha alishikwa na malaria. Alipewa dawa ya siku tatu, vidonge viwili asubuhi na viwili jioni. Mama alimkabidhi Ivyne kazi ya kumpa. Siku ya pili homa ilikuwa imeshuka. Nakhumicha alikuwa akiruka kamba, na vidonge vichungu alivitema. Ivyne naye alikuwa na mazoezi ya kwaya, hakuwa na subira ya kumbembeleza mtu. Alivificha vidonge sita vilivyobaki katika mkebe wake wa hesabu, akamwambia mama, "Amemaliza." Mama akatamba kwa majirani, "Mimi nina daktari nyumbani!"

Siku hiyo hiyo aliyoitwa mvivu, Nakhumicha alizirai kwenye gwaride la shule. Mama alipoitwa, aliacha mboga zake sokoni, akawachukua wote wawili hadi zahanati.

Daktari Ndunge alivuta ukope wa chini wa Nakhumicha. Palipofaa kuwa pekundu palikuwa peupe. Akampima damu.

"Mama Ivyne, malaria ingali mwilini, na damu imepungua," alisema. "Vijidudu vya malaria huingia ndani ya chembe nyekundu za damu, vikazaana humo, kisha vikazipasua. Chembe hizo ndizo hubeba hewa safi mwilini. Zikipungua, mtoto hachezi, anahema tu. Si alimaliza dawa?"

"Alimaliza yote, daktari. Ivyne ndiye alimpa. Huyu haniangushi."

"Basi dawa imeshindwa. Itabidi nitafute nyingine, yenye nguvu zaidi."

Uso wa Ivyne uliwaka kwa aibu. Alitamani ardhi ipasuke immeze. Lakini mdogo wake alikuwa karibu kupewa dawa isiyomfaa kwa sababu yake. Akafungua mkoba, akatoa mkebe, akaumwaga mezani. Vidonge sita viliviringika kati ya rula na bikari.

"Haikushindwa," alisema akilia. "Mimi ndiye sikumpa. Tena nikamwita mvivu."

Mama hakumchapa, wala hakumkemea. Alimtazama tu, na jicho hilo lilimuuma Ivyne kuliko kiboko.

Daktari Ndunge alimpa Nakhumicha dozi mpya ya dawa ile ile, pamoja na dawa ya kuongeza damu. "Umekosa sana, Ivyne," alisema. "Homa ikishuka, vijidudu huwa bado vimo. Dawa humalizwa hata mgonjwa akionekana mzima. Lakini umesema ukweli kabla sijakosea, na ukweli huo umemsaidia."

Siku tatu mfululizo, Ivyne alimpa mdogo wake dawa huku mama amesimama kando akihesabu kila kidonge. Ivyne aliinamisha kichwa, akijua kwa nini haaminiwi.

Mwezi mmoja baadaye, Nakhumicha alikipanda kilima mbio, akageuka juu akipiga kelele, "Mvivu wewe, Ivyne! Unatuchelewesha!"

"Kweli, mimi ndiye mvivu," Ivyne akajibu, machozi yakimlengalenga, akamkimbilia.